Kubadilisha Mwalimu wa Udereva Bila Kuanza Upya

Kamembe, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, haina barabara nyingi za tambarare za kumdanganya mwanafunzi wa udereva. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege, kule juu, uko karibu mita 1,580. Tofauti hiyo ya mita mia na ushei ndiyo darasa lenyewe. Ukitoka mjini kwenda mpaka wa Rusizi ya Kwanza unashuka, ukigeuza kurudi unapanda, na nyuma yako kuna pikipiki, gari la abiria na wafanyabiashara wanaowahi kuvuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo. Gari likizimika hapo, kila aliye karibu anajua kwamba wewe bado unajifunza. Mara nyingi ni hapo hapo wazo la kutafuta mwalimu mwingine linapoingia kichwani.

Wapo pia wanaobadilisha bila hasira yoyote. Nchini Rwanda leseni ya muda hupatikana baada ya mtihani wa kanuni wenye maswali 20, ukipata 12 umepita, nayo hudumu miaka 2. Katika miaka miwili watu huhama. Mmoja alianza mafunzo Kigali akiwa chuoni, sasa kazi imemleta huku Kamembe. Mwingine alifundishwa na shemeji yake upande wa Bukavu, sasa anataka leseni ya Rwanda. Wakati mwingine anayeondoka ni mwalimu: amepata lori la kubeba saruji ya Bugarama, basi kwaheri. Na shule zenyewe hubadilisha walimu bila kumwuliza mtu. Leo umepangiwa huyu, kesho yule, kulingana na gari lililo tayari asubuhi hiyo.

Kwa sababu yoyote ile, jambo moja hutokea karibu kila mara. Mwalimu anapobadilika, udereva wako hupungua ghafla kwa masomo mawili matatu. Mwanafunzi hushtuka, akasema mwalimu mpya ndiye mbaya, au yeye mwenyewe ni mzito wa kuelewa. Sikubaliani na yote mawili. Kile kilichopungua hakikuwa chako. Kilikuwa cha mwalimu wa kwanza, na sasa ameondoka nacho.

Angalia somo la kawaida kwa karibu. Mwanafunzi yuko kwenye mlima, mguu wa kushoto umekandamiza klachi hadi chini. Mwalimu anasema: "Achia pole pole... pole pole... hapo hapo, shikilia. Tia mafuta kidogo. Haya, toa breki ya mkono." Gari linaondoka vizuri, mwanafunzi anatabasamu. Lakini nani aliyesikia injini ikibadilisha sauti? Mwalimu. Nani aliyeona boneti ikiinuka kidogo, dalili kwamba klachi imeshika? Mwalimu. Mwanafunzi amejifunza kutii neno "hapo hapo", na amejifunza vizuri sana. Siku akipata mwalimu asiyesema "hapo hapo", mguu wake unakosa wa kumwambia. Zaidi ya hayo, gari la shule lina pedali za ziada upande wa mwalimu. Wapo walimu ambao kila ukifika kona wanagusa breki yao kidogo, kwa mazoea tu, na wewe unaamini kwamba unaingia kona kwa mwendo mzuri.

Wataalamu wa namna mwili unavyojifunza wamelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za wakati huo wakaonyesha kwamba mtu anayepewa maelekezo na masahihisho kila anapojaribu hufanya vizuri wakati wa mazoezi, kisha hushuka maelekezo yakiondolewa. Aliyepewa kwa nadra huhangaika mwanzoni, lakini alichokipata hubaki naye. Mwalimu anayeongea muda wote anakufanya ujione hodari mapema. Hana nia mbaya. Anafanya kazi yake, analinda gari lake, na kusema kweli anafurahia kukuona ukifurahi.

Kwa hiyo kabla hujahama, jua unahama na nini. Chukua daftari dogo ugawe ukurasa sehemu tatu: yale unayofanya peke yako, yale unayofanya ukiambiwa, na yale ambayo hujayagusa. Usiandike "kuendesha mlimani". Andika kwa undani: kuondoa gari mlimani bila kurudi nyuma, kushuka kwa gia ya pili, kuangalia kioo kabla ya kuwasha indiketa, kuegesha kwa kurudi nyuma kati ya vizuizi viwili, kupita makutano ambako anayetoka kulia ana haki ya kutangulia, kusimama kwenye zebra mtu akiwa bado hajakanyaga barabara. Jambo likiingia sehemu ya kwanza, liwe umelifanya gari likiwa kimya, mwalimu hajasema neno. Wengi wakifanya zoezi hili kwa uaminifu hukuta sehemu ya kwanza ina mistari michache kuliko walivyodhani. Hiyo ndiyo hesabu ya kumpelekea mwalimu mpya, na ina faida kwake kuliko kumwambia, "Mimi nimeshasoma mwezi mzima."

Somo la kwanza na mwalimu mpya lina adabu yake. Msalimie, mweleze ulipofika, kisha omba kitu ambacho wanafunzi wengi hawathubutu kuomba:

"Mwalimu, naomba leo niendeshe kwanza wewe ukinyamaza. Ukiona hatari, sema au shika breki. Makosa mengine yaandike, tukisimama uniambie yote."

Walimu wazuri hupenda ombi hili kwa sababu linawaokolea kazi ya kukisia. Chagua njia usiyoogopa sana lakini yenye kupanda na kushuka, muda wa dakika 20 hivi. Mwishoni atakuwa amekuona ulivyo, na wewe utakuwa umejiona. Akikataa kabisa kunyamaza hata dakika 5, hilo nalo ni jibu.

Usitumie somo hilo kumsimulia mwalimu wa zamani. Sentensi inayoanza na "mwalimu wangu alisema" ikirudiwa garini mara tatu huharibu masikilizano, hata kama ulichofundishwa kilikuwa sahihi. Badala yake uliza: "Wewe unapenda nifanyeje hapa, na kwa nini?" Hilo "kwa nini" ndilo litakalokusaidia kuchambua, maana si kila tofauti kati ya walimu wawili ina uzito mmoja.

Nyingi ni mitindo tu. Mmoja anataka mikono ikae saa tisa na saa tatu kwenye usukani, mwingine saa nne na saa nane. Mmoja anataka uondoke mlimani kwa breki ya mkono: vuta breki, inua klachi mpaka boneti ijitunishe, tia mafuta kidogo, achia breki. Mwingine anasema breki ya mkono ni ya wazee. Shika breki ya mguu, inua klachi mpaka gari litetemeke, kisha hamisha mguu haraka kwenye mafuta. Njia zote mbili hupandisha gari. Ukiwa umezoea ya kwanza, omba uendelee nayo mpaka iwe laini, kisha ujifunze ya pili kama nyongeza. Mimi ningeenda na breki ya mkono kwenye mtihani, kwa sababu inakupa muda wa kupumua, na demaraje, yaani kuondoa gari mlimani, ni mahali ambapo gari likirudi nyuma umejimaliza mwenyewe. Ile ya mguu itakufaa baadaye, kwenye foleni ya mpakani inayosogea hatua moja moja.

Tofauti nyingine si mitindo hata kidogo. Barabara ya kwenda Bugarama inashuka zaidi ya mita 500 mpaka uwanda wa mpunga ulio sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, na njiani utakutana na malori ya saruji yanayopanda kwa kujikokota. Kama mwalimu mmoja anakufundisha kushuka ukiwa gia ya juu na mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho, na mwingine anakuambia urudi gia ya tatu au ya pili uiache injini ishike gari, hapa usilete habari ya kila mtu na njia yake. Breki zinazoshikiliwa muda mrefu hupata joto, joto likizidi mafuta ya breki huchemka, na pedali huzama chini bila gari kupunguza mwendo. Shuka kwa gia ambayo ungeihitaji kuupanda mlima huo huo, breki uiguse kwa vipindi. Mwalimu anayebisha hili, muage.

Vivyo hivyo kwa sheria: mkanda, mwendo unaoruhusiwa, haki ya waenda kwa miguu, simu. Hapo mwalimu hana mtindo. Akikuambia kwamba kamera za mwendo, zile ambazo Wanyarwanda wanaziita Sofia, ziko mahali fulani tu na kwingine unaweza kukanyaga mafuta, amekufundisha kukwepa kamera, hajakufundisha kuendesha. Polisi wa Rwanda walianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika salama, mwaka 2019, na tangu hapo uvumilivu wao barabarani umepungua. Mwanafunzi aliyebeba tabia za upande mwingine wa mpaka huziona haraka zikimgharimu.

Na kuna gari. Mara nyingi kubadilisha mwalimu ni kubadilisha gari pia, na wanafunzi huchanganya mambo haya mawili: klachi ya Corolla mpya kwao inashika juu kuliko ile waliyoizoea, gari linazimika mara nne, lawama zinamwendea mwalimu. Kabla hamjaondoka, tumieni dakika 5 mahali pa tambarare. Rekebisha kiti mpaka goti la kushoto libaki limekunjwa kidogo klachi ikiwa chini kabisa. Rekebisha vioo. Vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, usiguse mafuta, inua klachi taratibu sana mpaka usikie injini ikizama na gari likitaka kujivuta. Kandamiza tena. Rudia mpaka mguu ujue umbali huo bila wewe kuufikiria. Tafuta na gia ya kurudi nyuma, maana kila gari lina lake: kuna la kuinua pete, kuna la kubonyeza, kuna la kusukuma tu. Ndipo mwende mlimani.

Kubalianeni pia maneno ya amri. Katika Kamembe mwalimu mmoja atasema breki, mwingine feri. Mmoja klachi, mwingine ambreyaji. Na wapo wanaochanganya Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa ndani ya sentensi moja, hasa wakishtuka. Kuchelewa kuelewa ni sekunde moja tu, lakini sekunde hiyo kwenye mteremko ni mita nyingi. Muulize atasema nini akitaka usimame papo hapo, na umwombe atumie neno hilo kwa jambo hilo peke yake.

Aliyeanzia Tanzania, Kenya au Uganda ana kazi ya ziada, na asijidanganye kwamba ni ndogo. Huko magari hupita kushoto. Rwanda, kama Kongo na Burundi, hupita kulia. Pedali hazibadiliki: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia. Lakini gia sasa inashikwa kwa mkono wa kulia, mwili wako uko upande wa kushoto wa gari, na kwenye mzunguko unaingilia kulia, ukizunguka kinyume cha mishale ya saa. Hatari kubwa haiko kwenye barabara yenye magari, kwa kuwa magari hayo yanakukumbusha. Iko asubuhi mapema barabara ikiwa tupu, au unapotoka kituo cha mafuta ukakata kona na kujikuta upande uliouzoea tangu utoto. Mwambie mwalimu mpya waziwazi ulikotoka. Omba masomo mawili ya kona na makutano tu, na kila unapogeuza sema kwa sauti: "Dereva katikati ya barabara." Ukiwa umekaa kwenye usukani wa kushoto, mwili wako unapaswa kuwa upande wa mstari wa katikati, ukijikuta uko upande wa mtaro, umekosea njia.

Tangu mwaka 2024 kuna uamuzi mwingine ambao wengi hukumbana nao wakati huo huo wa kuhama: Rwanda iliruhusu mtihani wa vitendo kufanywa kwa gari la otomatiki. Mwalimu mpya anaweza kukuambia, achana na mateso ya klachi, njoo huku. Ni shauri linaloeleweka kwa mtu aliyezimikiwa mlimani mara nyingi. Jua tu kwamba anayefaulu kwa otomatiki hupewa ruhusa ya otomatiki. Kama unatafuta kazi ya udereva, au gari la nyumbani kwenu lina klachi, utarudi kwenye mateso hayo baadaye ukiwa umelipa mara mbili. Amua kwanza gari utakaloendesha miaka mitano ijayo, kisha uchague mwalimu.

Wakati gani ni mzuri kuhama? Ukiwa na masomo machache tu, hama bila wasiwasi. Hujajenga kitu cha kuvunjika. Katikati ya mafunzo itakugharimu masomo hayo mawili matatu niliyosema, na gharama hiyo inalipika. Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, vumilia hata kama mwalimu anakuudhi, isipokuwa kuna hatari au udhalilishaji. Ukilazimika kuhama wakati huo, mwombe mwalimu mpya asikubadilishie mtindo wowote, akupeleke tu kama mtahini: atoe maelekezo ya njia, anyamaze, aandike makosa.

Hata asiyetaka kuhama ningemshauri, akifika katikati, akope mwalimu mwingine kwa somo moja. Siku ya mtihani atakayekaa kando yako ni polisi usiyemjua. Hatakwambia "hapo hapo". Hatagusa breki kukusaidia kwenye kona, na akiigusa ujue mambo yameharibika. Kama mgeni wa kwanza kukaa kiti kile ni yeye, utaona vitu viwili vigeni kwa pamoja, mtu na mtihani. Mahali pengine hali hii ya kuzoea zaidi ya mtu mmoja hutokea yenyewe: Uingereza mamlaka ya mitihani husema mwanafunzi huhitaji kwa wastani saa 45 na mwalimu na nyingine 22 za mazoezi ya binafsi, ambazo wengi hufanya na mzazi. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko ana walimu wawili tangu mwanzo. Kamembe familia nyingi hazina gari la kufanyia mazoezi, na mwenye leseni ya muda haruhusiwi kuendesha bila mwenye leseni kando yake, kwa hiyo sauti ya pili inabidi uilipie.

Nimetaja udhalilishaji, na sitaupita haraka. Mwalimu anayekugusa paja akisingizia gia, anayekuomba mkutane usiku kwa "somo la ziada", anayekutukana mpaka mikono inatetemeka, anayejibu simu huku wewe uko kwenye mteremko, au anayefundishia gari ambalo breki zake zinapiga kelele na anasema zitatengenezwa wiki ijayo: kwa hao usisubiri nusu ya kifurushi cha masomo iishe. Hama siku hiyo hiyo, na uueleze uongozi wa shule kwa maandishi. Kwa upande wa pili, kuzimikiwa na gari mbele ya watu si sababu. Aibu hiyo utaenda nayo kwa mwalimu mpya, na mlima utakuwa ule ule.

Ndiyo maana suala la pesa lipangwe mapema. Lipa kwa somo, au kwa mafungu madogo, badala ya kulipa kifurushi chote siku ya kwanza. Aliyelipa yote hubaki kwa mwalimu mbaya kwa sababu ya pesa zake. Kama umelipa kwa simu, hifadhi ujumbe wa malipo na uandike kwenye daftari tarehe na muda wa kila somo. Uliza kabla ya kuanza: nikihama, masomo yaliyobaki yanahamishwa, yanarudishwa au yamepotea? Jibu la mdomo tu halitakusaidia sana siku ya kudai.

Unapoondoka kwa amani, muage mwalimu wa zamani na umwulize swali moja: "Ukikaa nami garini, ni kitu gani hasa unachonisaidia bila mimi kujua?" Wengi watacheka, kisha watakwambia. Mmoja atasema, nakushikia usukani kidogo kila unapotazama gia. Mwingine atasema, mimi ndiye ninayekuangalizia pikipiki upande wa kulia. Maneno hayo yaandike kwa herufi kubwa katika ile sehemu ya pili ya daftari, na umpe mwalimu mpya ayasome kabla hajawasha gari.

Kisha, baada ya masomo manne au matano, fungua daftari tena. Kama mistari inahama kutoka sehemu ya pili kwenda ya kwanza, umempata mwalimu. Kama jambo lile lile, tuseme demaraje, limebaki "nikiambiwa" kwa walimu watatu mfululizo, acha kutafuta wa nne. Nunua masomo mawili ya demaraje peke yake, kwenye mlima mmoja, mwalimu akiwa amenyamaza, na usitoke hapo mpaka usikie mwenyewe injini inapozama.